Wanaposema "Ni Montaji Tu"

Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wanaojifunza kupiga na kuunga video, katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Himbi, Goma, mashariki ya Kongo. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, isipokuwa pale mvua iliponyesha kwa nguvu juu ya mabati nikalazimika kurudia.

Jambo wamama, jambo wababa, jambo ninyi vijana mliofika kwa miguu maana mvua ikianza motari, hawa vijana wa pikipiki za abiria, nao wanapandisha bei. Aksanti kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu, lakini nitasema juu ya neno moja tu, na mkitoka hapa nikiwa nimelisema vizuri, kazi yangu nayo mtakuwa mmeielewa. Neno lenyewe ni montaji.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya maji na bidoni zangu mbili. Mbele yangu vijana wawili walikuwa wameinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Kwenye video, mwanaume mwenye koti anahesabu noti, anampa mwenzake kiasi, zilizobaki anazitia mfukoni. Kijana mmoja akasema, "Ona, makuta, pesa za barabara, ndiyo haya." Mwenzake hata hakungoja video iishe. Akasema, "Acha bwana, hiyo ni montaji tu." Ikaishia hapo. Simu ikarudi mfukoni, wakahamia kwenye habari za mpira.

Hakuna aliyeuliza imekatwa wapi. Hakuna aliyeuliza nani kaikata, wala mwanaume yule alikuwa anasema nini kabla ya kuhesabu zile noti. Neno moja lilifunga mlango kama kufuli. Nilirudi nyumbani na maji yangu nikiwa nimeumia moyo, maana hilo neno walilolitumia kama tusi ndilo jina la ufundi ulionisomeshea watoto kwa miaka 14.

Tuanze na neno lenyewe. Limetoka kwenye Kifaransa, kwenye kitenzi chenye maana ya kupanda au kupandisha, na pia ya kuunga vipande mpaka viwe kitu kizima. Ninyi mnalijua hata bila sinema. Pikipiki mpya zinafika mjini zikiwa ndani ya kasha, tairi huku, usukani kule, na fundi anazifanyia montaji. Sijawahi kusikia mtu akisema pikipiki ile ni ya uongo kwa sababu iliungwa. Kinyume chake, tunamuuliza fundi: umekaza vizuri? Breki zimeshika? Tunajua kwamba kuunga ni kazi, na kwamba kazi ina mtu anayewajibika.

Neno lilipoingia kwenye sinema lilikuja na maana hiyohiyo ya mikono. Zamani hizo filamu ilikuwa utepe unaoshikika. Dakika 1 ya utepe wa milimita 35 ni mita 27 hivi, ukiutandaza unavuka ukumbi huu na kutokea barabarani. Sekunde 1 ina picha 24. Aliyeunga alikuwa na mkasi, gundi, na utepe ukining'inia shingoni kama futi ya fundi cherehani. Alikata, akaunganisha, akatazama, akabandua, akaanza upya. Leo tuna DaVinci Resolve kwenye kompyuta na CapCut kwenye simu, lakini bado tunasema "kata" na "unga" kama watu wa mkasi.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi husema kuediti, au kwa lugha ya vitabu, kuhariri. Sina ugomvi nao. Ila kuhariri limetoka magazetini, na ndani yake nasikia mtu anayesahihisha makosa ya mwenzake. Sisi hatusahihishi. Kazi yetu ni kuunga. Na angalieni lugha yetu ilivyo na akili: kiungo ni pale mfupa unapokutana na mfupa, na kiungo pia ni kile mama anachotia kwenye chungu chakula kikapata ladha. Watu wa pwani wanaunga mchuzi kwa nazi, sisi sombe yetu inaungwa kwa mawese. Neno lilelile kwa kushikisha na kwa kukoleza. Sijui lugha nyingine iliyoeleza kazi yangu vizuri hivyo bila hata kukusudia.

Sasa zile karatasi mlizoandika mlipoingia, nimezisoma. Niliwagawa makundi matatu, kila kundi likatazama video yake nje ya ukumbi. Kundi la kwanza mliona kijana motari, kisha sahani ya fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Karibu wote mmeandika kwamba kijana ana njaa. Mmoja ameandika, "Hajakula tangu jana, macho yake yanaonyesha." Kundi la pili mliona kijana, kisha watu wamebeba jeneza barabarani. Mmeandika amefiwa, anajikaza asilie. Kundi la tatu mliona kijana, kisha mtoto anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, ya kuchezea. Mmeandika anamkumbuka mwanawe, na dada mmoja ameongeza kwamba lazima mtoto yuko mbali naye.

Ndugu zangu, ni uso uleule. Sekunde 4, sikubadilisha kitu. Nilimpiga picha asubuhi karibu na mzunguko wa Signers, kwa ruhusa yake, na nilimuuliza alikuwa anawaza nini. Aliniambia alikuwa anasikiliza injini, maana tangu asubuhi ilikuwa inakohoa.

Msione haya. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kule Moscow, mwalimu mmoja kijana aitwaye Lev Kuleshov alifanya jaribio la namna hii na uso wa mwigizaji maarufu wa siku hizo, Ivan Mozzhukhin. Ilikuwa baada ya mapinduzi ya 1917, utepe wa filamu ulikuwa adimu, na mtu asiye na utepe wa kupigia picha mpya anajifunza kuunga za zamani. Mwanafunzi wake Pudovkin alisimulia baadaye kwamba waliuweka uso ule mbele ya sahani ya supu, mbele ya maiti kwenye jeneza, mbele ya mtoto anayecheza na dubu wa kuchezea. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: anavyoitamani supu, anavyomlilia marehemu, anavyomtabasamia mtoto! Uso haukuwa umefanya lolote. Maana haikukaa ndani ya picha hii wala ile, ilikaa kwenye kiungo, na aliyeijaza ni mtazamaji mwenyewe.

Mwenzake, Sergei Eisenstein, alikwenda mbali zaidi. Aliona jambo hilo kwenye maandishi ya Kijapani, ambamo alama ya jicho ikiwekwa pamoja na alama ya maji inasomeka "kulia," na mdomo pamoja na ndege inasomeka "kuimba." Jicho si kilio, maji si kilio, lakini vikigongana kilio kinazaliwa. Hiyo kwake ndiyo ilikuwa montaji: mgongano, si tofali juu ya tofali. Katika filamu yake ya 1925 juu ya mabaharia walioasi kwenye meli ya Potemkin, kuna simba wa mawe. Wa kwanza amelala, wa pili ameinua kichwa, wa tatu anasimama. Ukiwatazama haraka haraka unaona simba mmoja wa jiwe ameamka kwa hasira. Ni sanamu tatu, na haziko hata kwenye mji wa Odessa ambako kisa kinatokea. Zilipigwa picha Alupka, kwenye jumba la kifahari la Krimea. Je, ni uongo? Mimi nasema hapana. Hakuna mtazamaji aliyetoka sinema akiamini kwamba jiwe linaamka. Alitoka akiwa ameelewa kwamba watu wamechoka. Lile simba ni methali.

Nipite upesi kwenye matumizi ya Wamarekani, maana yatawachanganya mkisoma mafundisho yao. Wao kazi nzima ya kukata na kuunga wana jina lake jingine. Neno montaji kwao ni kile kipande kifupi tu ambamo muda mrefu unapita kwa dakika moja na muziki chini yake: bondia anakimbia alfajiri, anapiga mfuko, anakimbia tena, na mwisho wa wimbo yuko tayari kwa pambano. Katika miaka ya 1930 Hollywood ilikuwa na mtaalamu wa vipande hivyo tu, Slavko Vorkapich, mzaliwa wa Serbia ya leo. Kurasa za kalenda zinazodondoka na magurudumu ya treni yanayozunguka ndiyo lugha ya zama zile. Kwa hiyo ukimsikia mwalimu wa Marekani kwenye intaneti akisema, "Hapa weka montaji," hakuambii ufanye kazi yote, anakuambia ukunje miezi sita ndani ya wimbo.

Sasa nifike kwenye lile tusi. Halikuzaliwa Goma. Kifaransa chenyewe tangu zamani husema njama "imepandishwa," imeungwa, na picha iliyotiwa kichwa cha mtu mwingine huitwa montaji vilevile. Lakini hapa kwetu limeota mizizi kuliko lugha yenyewe. Mtu akishtakiwa, ni montaji. Mume akikutwa na ujumbe kwenye simu, ni montaji. Kiongozi sauti yake ikivuja, redioni asubuhi utasikia kwamba ni montaji tupu, na mjadala umekwisha kabla ya saa ya habari ya pili.

Kinachonikera ni kwamba neno hili sasa limebeba makosa yasiyofanana hata kidogo. Mwezi wa Mei 2021, Nyiragongo, volkano yetu hii, ilipopasuka usiku wa tarehe 22, nilipokea video ya watu wakitembea juu ya lava nyeusi katikati ya mji, moshi ukitoka chini ya viatu. Dada yangu aliyeko Bukavu alikuwa ameitazama akilia. Nilijua papo hapo kwamba si ya siku ile, kwa sababu safari hii lava ilisimama pembezoni, upande wa uwanja wa ndege, haikufika katikati. Iliyofika katikati, ikala kanisa kuu, ikaenda mpaka ziwani, ni ile ya Januari 2002. Nilipomwambia, dada akasema, "Kumbe ni montaji." Hapana, dada. Haikukatwa hata sehemu moja. Ni video ya kweli iliyovalishwa tarehe ya uongo. Ugonjwa mwingine, dawa nyingine: hapo huhitaji montere, fundi wa kuunga, unahitaji mtu anayeujua mji.

Na hizi picha na sauti zinazotengenezwa na akili bandia, nazo tunaziita montaji, ilhali hakuna kilichopigwa picha wala kilichokatwa. Montaji inahitaji kwanza mtu asimame mbele ya kamera. Tukiita kila kitu kwa jina moja tunakuwa kama daktari anayeandika "homa" kwa kila mgonjwa. Na anayefaidika na uvivu huo si mwananchi. Anayefaidika ni yule aliyepigwa picha kweli akifanya jambo baya kweli, maana tumemwekea ngao mlangoni, achukue tu.

Lakini siwezi kuwalaumu watu wa foleni ya maji peke yao. Tusi hili na sisi tumelilisha. Nitawaambia langu.

Mwanzoni mwa 2021 nilikwenda ufukweni kumpiga picha mama mmoja anayeuza sambaza. Nilitaka video fupi juu ya watu wanaoishi chini ya volkano. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, sambaza zimetandazwa kwenye beseni la bluu, zinang'aa kama misumari mipya, na kila akiongea alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Nikamuuliza kama anauogopa mlima. Akaniambia, "Mlima siuogopi." Hapo lori la bia likapita. Akangoja kidogo, lakini si vya kutosha, akaendelea juu ya mngurumo: "Naogopa kulala njiani na watoto, kama ile mara."

Usiku nikakaa kwenye kompyuta. Sentensi ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa imezama chini ya lori, maneno yanasikika lakini kwa shida. Nikakata kabla ya lori. Nikafunika kile kiungo kwa picha ya mlima jioni, moshi wake mwekundu kwa chini, nikatia muziki. Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nilikuwa nakimbia kelele. Video ikapendwa sana: mama jasiri wa Goma asiyeuogopa mlima.

Miezi michache baadaye mlima ukapasuka, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mama yule aliondoka kwa miguu kwenda Sake, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Njiani watu wakamtambua. "Si wewe ndiye huogopi mlima? Unakimbia nini?" Wakamcheka mbele ya watoto wake, katika lile jambo moja alilokuwa ameniambia kwamba analiogopa. Aliporudi alinitafuta. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mutoto wangu, maneno ni ya kwangu, lakini si mimi nilisema vile."

Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora ya montaji mbaya, wala vitabuni. Kila neno lilikuwa lake. Hakuna picha niliyobandika isiyo ya kweli. Mlima ni mlima, mama ni mama. Uongo ulikaa kwenye kiungo, palepale Kuleshov alipoikuta maana.

Ndiyo sababu siwafundishi kamwe kwamba video nzuri ni ile "isiyo na montaji." Haipo. Hata ukipiga picha moja bila kukata, umechagua lini kubonyeza na lini kuachia, umechagua nani awe ndani ya picha na nani abaki nje. Fundi cherehani wa Birere hawezi kukushonea gauni bila kukikata kitenge. Swali ni kile kilichobaki sakafuni: je, ni ukingo wa kitambaa, au amekata nusu ya ua?

Nataka mjifunze kuvisikia viungo, kwenye kazi zenu na za wengine. Anzeni na masikio, jicho linadanganyika upesi. Mji wetu umeme ukikatika jenereta zinaanza kunguruma, na mngurumo ule ni shahidi. Mtu anaongea, nyuma yake jenereta inasikika, ghafla kati ya neno na neno imenyamaza: hapo pamekatwa. Kisha tazameni picha inapouacha uso wa msemaji na kwenda kwenye mikono yake, au mbuzi, au bendera. Mara nyingi picha ile haikuwekwa kwa uzuri wake. Imewekwa kama kiraka. Mimi mwenyewe naviweka kila siku, na vingi havina hatia: mtu alikohoa, alirudia neno, mtoto alipita mbele ya kamera. Lakini mkikiona kiraka, ulizeni chini yake kuna nini. Kivuli nacho kinasema. Swali limeulizwa kivuli kikiwa kifupi, jibu limetolewa kivuli kikiwa kirefu. Basi kati ya swali na jibu yamepita masaa, na huenda lile ni jibu la swali jingine.

Na kwa upande wenu mnaounga, jambo moja nawaomba kwa moyo wote: msifute rashi. Najua diski ni ghali, najua simu zimejaa. Futeni muziki, futeni filamu mlizokwisha kutazama. Zile picha ghafi, zikiwa nzima, na kelele zake na vikohozi vyake, ndizo ushahidi wenu siku mtu atakaposimama redioni kusema kwamba mmefanya montaji. Mtamjibu: ndiyo, tumefanya, ni kazi yetu, na hiki hapa kipande kizima, kitazame mwanzo mpaka mwisho. Asiye na rashi hana jibu hilo. Halafu, mtu mliyemrekodi, muonyesheni alivyoungwa kabla ya mji mzima kumuona. Dakika 3 kwenye simu yenu, palepale kwenye meza yake. Nisingeharibu jina la mama yule kama ningerudi ufukweni jioni moja tu.

Ile rashi yake ninayo. Nilimwomba ruhusa niwaonyeshe leo, akakubali kwa sharti kwamba nisikate kitu. Ina dakika 2 na sekunde 10. Kijana wa mlangoni, zima taa tafadhali. Kwenye dakika ya kwanza mtasikia lori linakuja. Msiniombe niongeze sauti, haitasaidia. Nyamazeni tu, sogeeni mbele, na mumsikilize mama mpaka lori lipite.